Vidole Vyangu, Moyo Wangu na Chupa Isiyo na Lebo

Sogea karibu, wewe ambaye asubuhi unashusha miguu kitandani kama mtu anayekanyaga misumari. Najua huwezi kufungua mfuniko wa chupa ya maji. Najua watu kumi wamekwisha kukuletea dawa kumi, na kila mmoja anaye shangazi aliyepona. Mimi sikuletei ya kumi na moja. Nina habari ya mwili wangu tu, na sehemu kubwa ya habari hiyo itakutia kinyaa. Nilijaribu kuiandika kwa adabu, nikaona ninadanganya. Basi nitakueleza kama ilivyokuwa, polepole, na ukichoka pumzika, halafu urudi.

Mimi ni afisa ugani. Huku Mtwara wananiita Bibi Shamba. Kwa miaka mingi nimezunguka vijiji vya upande wa Madimba hadi karibu na mdomo wa Ruvuma, nikiwaelekeza wakulima wa korosho lini wapulize salfa ya kuzuia ukungu, lini wasubiri, na dawa ipi ni ya kweli. Nyumbani ni Magomeni, hii ya Mtwara mjini. Mume wangu, Elia, ni karani bandarini. Wote wawili tumetoka nyanda za juu, kule kwenye baridi, tukaletwa huku na kazi ya serikali, tukazoea joto na pweza.

Kuna sentensi moja niliyoisema kuliko zote maishani mwangu. Nimeisema chini ya mikorosho, kwenye ofisi za vijiji, hata harusini nilipoulizwa. "Kisicho na lebo, usikitie shambani." Kwa sababu wapo watu wanaookota chupa tupu za viuatilifu, wanazijaza wanachojua wao, wanamuuzia mkulima, na mkulima anapoteza maua yote ya msimu. Ishike sentensi hiyo. Nitaihitaji mbele.

Ugonjwa ulianza msimu wa salfa. Niliamka vidole vimekakamaa kama vimegandishwa kwa gundi, vikalegea saa nne asubuhi. Nikasema ni mashine ya kupulizia, nimeibeba sana. Mikorosho ilipoanza kutoa maua, viungo vya vidole vilikuwa vimeumuka, vyekundu, vya moto, na vifundo vya mikono vimejaa kama tangawizi mbichi. Pete ya ndoa ikazama ndani ya nyama. Tulijaribu sabuni, tukajaribu mafuta ya kupikia, mwisho Elia akaniitia fundi wa baiskeli, akaikata kwa tupa huku nimetazama ukutani. Chini ya pete ngozi ilikuwa nyeupe, imekunjamana, inanuka kama kitambaa cha kuoshea vyombo kilichosahaulika. Nilijinusa mwenyewe nikageuza uso. Hapo ndipo nilipoanza kuuchukia mwili wangu, na chuki hiyo ndiyo iliyonipeleka pabaya. Ukiuchukia mwili, huusikilizi unapokuita.

Nilikwenda hospitali. Nilikaa kwenye benchi refu la mbao lenye mng'ao wa makalio ya watu wengi, nikasubiri majibu ya damu kwa awamu tatu. Daktari, binti mwenye sauti ya chini, aliniambia ni baridi yabisi.

"Jina hilo linapotosha, mama," alisema. "Hakuna baridi iliyokuingia. Walinzi wa mwili wako wamekosea adui, wanakushambulia mwenyewe. Wameanzia kwenye vidole, lakini hawaishii hapo. Ukisikia kifua kinabana, pumzi inakatika, au taya linauma bila sababu, usisubiri kliniki. Njoo siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu unauchosha na moyo."

Niliitikia kwa kichwa. Nilisikia vidole. Hayo ya moyo niliyaacha palepale mezani kwake, kama mtu anavyosahau mwavuli.

Alinipa vidonge vya kumeza mara moja tu kwa wiki. Nilichagua Jumamosi. Jumapili nilikaa na beseni. Kila harufu ilinigeuza tumbo, hata ya chaki ya ubao wa nyimbo kanisani, na mdomoni vikatoka vidonda vyeupe ambavyo ulimi haukuacha kuvigusa. Daktari alikuwa ameniambia nikisumbuka nirudi, kuna njia ya kupunguza hayo. Sikurudi. Kabla korosho hazijaanza kuanguka nilikuwa nimeviacha vidonge, na sikumwambia mtu.

Ndipo alipokuja mama mkwe wangu.

Alikuja kutoka Makete na sufuria yake mwenyewe, kwa sababu haziamini sufuria za pwani. Nampenda mama yule, na lazima nikuambie hivyo sasa, kabla hujamsikia. Aliingia, akanishika mikono, akalia. Kisha akafuta machozi akaanza kazi.

"Sisi tuliozaliwa na baridi tunaijua," alisema. "Imekuingia mifupani tangu utotoni."

"Mama, hapa Mtwara hata maji ya bombani yanatoka ya moto."

"Baridi haisahau mtu wake, mwanangu. Inakaa inamngoja."

Akanianzishia supu ya makongoro. Kila asubuhi. Alichemsha miguu ya ng'ombe tangu alfajiri, na nyumba nzima ilinuka kwato na nywele zilizoungua. Supu ilikuwa na utando wa mafuta mzito kiasi kwamba kijiko kilipozama uliacha tundu. Chumvi aliitia kwa kiganja. Mafuta yaliganda nyuma ya meno yangu, nikawa nayakwangua kwa ulimi nikiwa barabarani, nikiwa mkutanini, nikiwa namweleza mkulima. Niliichukia supu ile kuliko kitu chochote nilichowahi kumeza, ila kimoja, na hicho nakijia.

Halafu mafuta ya kiboko. Yaliletwa na mfanyabiashara mmoja aliyedai yametoka Ruvuma, kwenye kopo la maziwa ya unga, ya rangi ya nta iliyochafuka. Mama alinipaka mikono, magoti na shingo kila siku baada ya kuoga. Harufu yake siwezi kukueleza vizuri. Fikiria mshumaa, fikiria samaki, fikiria shuka la mgonjwa. Elia alihamia ukingoni mwa kitanda, kisha akahamia kwenye kochi.

"Kazini wamenihamisha dirisha," aliniambia siku moja, anacheka lakini hacheki. "Wanasema nanuka duka la ngozi."

"Mwambie mama yako."

"Mwambie wewe. Ni wewe unayepakwa."

Hatukumwambia. Nyumba ikawa na watu watatu wanaozungukana kwa heshima, na kopo katikati.

Sasa nafika kwenye kile kimoja.

Mwisho wa msimu wa korosho kuna minada vijijini, na minadani kila mtu anauza chake. Nilikuwa nimekaa kwenye gari la ofisi siwezi kushuka, magoti yamegoma. Mtu mmoja alinijia dirishani na unga wa kahawia ndani ya chupa. Kijiko kimoja kwenye uji, alisema, siku tatu utacheza ngoma. Niliipokea chupa nikaigeuza. Niliijua. Ilikuwa ya kijani, mabega mapana, mfuniko wenye meno. Chupa ya namna ile nimeinyanyua mbele ya wakulima mara zisizohesabika nikiwaonyesha mfano wa kiuatilifu. Lebo ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, na pembeni kimebaki kipande cha karatasi nyekundu kama ukucha, kile chekundu cha alama ya sumu. Nilifungua nikanusa. Chini ya harufu ya mizizi kulikuwa na harufu ile nyingine ninayoijua kazini.

Nikainunua.

Utaniuliza kwa nini. Nilikuwa na maumivu, na maumivu hayasomi lebo.

Siku ya tatu vidole vilifunguka. Nilifunga vifungo vya blauzi mwenyewe. Nilikata kitunguu. Nilimkumbatia mama mkwe jikoni, naye akapiga vigelegele akasema, "Makongoro hayo!" Nami nikamwacha aamini. Jumapili ile alisimama kanisani akatoa ushuhuda wa supu, watu wakapiga makofi, nikainama kama mnyenyekevu.

Chupa niliificha ndani ya buti langu la mpira la shambani, buti la kushoto, nyuma ya mlango wa stoo. Kila asubuhi niliingiza mkono humo. Wewe unajua buti la mpira linavyonuka ndani katika joto la huku. Nilitoa chupa ya sumu kwenye harufu ya miguu yangu, nikachota kijiko, nikakoroga, nikameza, nikajipangusa mdomo, nikaenda kuwafundisha watu kusoma lebo. Miezi minane.

Uso wangu ukawa wa duara, mashavu yakajaa hadi macho yakawa madogo. Watu walinisifia. "Bibi Shamba umenawiri!" Ngozi ya mikono ikawa nyembamba, nikigusa ukingo wa meza inaacha doa la zambarau. Miguu ikavimba jioni. Unga ukipungua kidogo, maumivu yalirudi kwa hasira, kwa hiyo niliongeza. Nilipopanda kilima kidogo cha kwetu nilisimama mara mbili, nikijifanya natafuta simu kwenye mkoba. Kisha taya likaanza. Nikitembea haraka linauma, nikikaa linaacha. Nikajiambia baridi imepanda juu. Unaona? Mimi niliyembishia mama mkwe, nilikwisha kuichukua baridi yake nikaifanya maelezo yangu. Vidole vina baridi yabisi, basi na taya lina baridi yabisi, na kifua pia. Jina moja la ugonjwa lilifunika kila kitu, na chini yake moyo wangu ulikuwa ukinyongwa.

Msimu wa salfa ukarudi. Asubuhi moja nilikuwa kijiji kimoja nyuma ya Madimba, chini ya mikorosho, na wakulima kama thelathini. Mmoja wao ni Bi Somoe, Mmakonde mnene mwenye mikorosho mingi na ulimi mrefu zaidi. Msimu wangu wa kwanza huku alinitangazia kuwa mimi ni mtani wake, bila kuniuliza kabila, na tangu siku hiyo hakuna tusi ambalo hajanipa. Nilikuwa nimeinua chupa ya mfano. Nikasema, "Kisicho na lebo," halafu jasho la baridi likanimwagika, kifua kikabanwa kama kimekaliwa, taya likaungua, na nikatapika. Nilitapika mbele yao wote. Supu ya makongoro, na uji wenye unga wa kahawia, juu ya viatu vyangu.

Hakuna aliyecheka isipokuwa Bi Somoe, na hata yeye alikoma haraka. Alinikalisha, akachukua ncha ya kanga yake akanifuta kidevu.

"Mtani, una mimba au una dhambi?"

"Ni baridi yabisi. Imepanda."

"Imepanda na nini, na ngazi? Mdomo wako umekuwa wa majivu. Huu ni moyo. Mume wangu alikwenda hivihivi, ameshika taya."

"Nitapumzika."

"Pumzika hospitali."

Nilimkatalia. Hospitali wangeniuliza ninachotumia. Ndiyo sababu yenyewe, na nimeiona wazi baadaye tu. Nilikuwa tayari kufa kuliko kuulizwa swali lile. Dereva akanirudisha Magomeni, mama akanilaza, akanivua, akanipaka mafuta ya kiboko kifua kizima, kwa nguvu zake zote za upendo. Nikalala siku mbili hivyo. Elia aliniuliza asubuhi na jioni twende hospitali. Nikamwambia nimeshapata nafuu. Na unga niliendelea kuula, nikinyemelea stoo kwa kushika ukuta.

Siku ya tatu Bi Somoe aliingia bila hodi ya pili, na jogoo kwapani.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama mkwe. Kisha akanusa. "Kimekufa nini humu?"

"Mafuta ya kiboko hayo," mama alisema kwa heshima yake. "Ya kifua."

Bi Somoe akainama juu ya kopo. "Kiboko gani huyu? Mimi nimezaliwa kando ya Ruvuma, viboko nawajua. Huyu ni mbuzi aliyekufa kwa huzuni." Halafu akanitazama na utani ukamtoka usoni. "Mama, nipe nguo za mkweo. Nina bajaji nje. Na wewe mtani, ukikataa nakubeba mgongoni, nakuaibisha mtaa mzima."

Nilikwenda.

Kwenye chumba cha kusubiri watu walinipisha kabla sijaomba. Si kwa huruma. Mwanamke aliyekuwa jirani yangu alivuta mtandio juu ya pua. Mzee aliyekuwa anatema kwenye kopo, yeye na kopo lake, alisogea mbali nami. Nilikaa na nafasi kubwa kila upande, nikijisikia kama mzoga. Joto lilipopanda mafuta yaliyeyuka yakashuka tumboni.

Walinilaza kunipima moyo kwa kipimo kile cha nyaya. Muuguzi alibandika ya kwanza, ikateleza. Akabandika ya pili, ikateleza ikaanguka sakafuni. Hazikushika, kwa sababu ya mafuta. Akachukua pamba akanifuta kifua, pamba ikawa ya kahawia. Akafuta tena. Mara ya tatu akaleta maji na sabuni ya unga, akanisugua kama sufuria, na hakusema neno baya hata moja. Wewe hujui jinsi nilivyomshukuru kwa kutokusema. Huruma nyingine ni kimya tu. Nyaya ziliposhika, karatasi ikatoka, akaitazama, akatoka mbio kumwita daktari.

Alikuwa binti yuleyule wa sauti ya chini. Alisema moyo wangu umepata shambulio, na si la leo. Lilikuwa na siku mbili au tatu. Sehemu ya msuli ilikuwa imekosa damu muda wote ule nilipokuwa napakwa. Elia alikuwa amefika, amesimama miguuni pangu na kitambulisho cha bandarini bado shingoni.

"Vile vidonge vya kila wiki, mama?"

"Niliacha."

Elia alinigeukia. Hakujua.

"Sawa. Tutazungumza hayo. Sasa nisikilize vizuri, hili ni muhimu. Kuna dawa nyingine unayotumia? Ya dukani, ya mitishamba, ya kupewa? Hata kama unaona ni kitu kidogo."

Mlangoni alisimama Bi Somoe, mmoja wa wanafunzi wangu. Pembeni Elia. Nikaona mikono thelathini ikiandika sentensi yangu kwenye madaftari.

"Hapana," nikasema.

Walinilaza wodini, wakanipa dawa za moyo. Siku ya kwanza ilipita. Ya pili niliona nimechoka mno. Ya tatu niliporomoka. Siwezi kuinua kichwa, natapika maji matupu, presha imeshuka hadi muuguzi akapima mara mbili akidhani kifaa kimeharibika. Niliwasikia wakizungumza juu yangu kwa mbali. Moyo ulikuwa umetulia kidogo, kwa hiyo hawakuelewa kinachonidondosha. Daktari alimuuliza Elia tena, kuna kitu chochote? Elia akajibu kwa uaminifu wake wote kwamba hakuna. Nilitaka kusema. Ulimi ulikuwa umekauka, na hata kama ungekuwa mbichi, sina hakika ningesema. Hilo ndilo linalonichukiza kuliko matapishi yote. Nilikuwa nakufa na bado nilikuwa nalinda jina.

Wakati wa kuona wagonjwa, saa sita mchana, mama mkwe aliingia na kitu kikubwa kimefungwa kwenye kanga. Hakuja kitandani kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya daktari, akafungua kanga, akaweka mezani buti la mpira. La kushoto.

"Daktari," alisema, na sauti yake ilifika kitanda cha mwisho, "mkwe wangu anakula kitu kinachotoka humu. Kila asubuhi. Mimi namwona."

Daktari aliingiza mkono, akatoa chupa. Akaisoma pale pasipo na maandishi. Akanusa, akafunga. Akaja akainama karibu na sikio langu.

"Muda gani?"

Nikaonyesha vidole, nane. Vilikuwa vimeshaanza kujikunja tena.

Hakunigombeza. Alimweleza Elia kwa maneno machache, na mimi nakupa hayohayo. Unga kama ule, alisema, hakuna ajuaye kilichomo, lakini uso wangu wa duara na ngozi yangu ya madoa vinaonyesha umechanganywa na dawa kali ya kushusha uvimbe. Dawa hiyo ina kazi yake ikitolewa na daktari kwa kipimo. Ikiliwa kwa kijiko, inapandisha presha na sukari, na mwili unaizoea. Ukiikata ghafla mtu anaanguka kama mimi. Wakati huohuo baridi yabisi yenyewe, iliyoachwa bila tiba, imeendelea kuuchoma moyo kimyakimya. Juu ya hayo supu ya chumvi na mafuta kila siku. "Na chupa yenyewe sijui ilimwachia nini," akamalizia, akaitazama kwa kinyaa kilekile nilichokuwa nacho mimi.

Wakanichoma sindano ya dawa ile niliyokuwa nimeikosa, safari hii kwa kipimo, na ingepunguzwa taratibu wiki kwa wiki. Jioni niliweza kushika kikombe kwa mikono miwili. Kilikuwa na chai ya rangi. Haina utando. Niliangalia juu ya chai ile muda mrefu, ilivyo wazi, naona hadi chini.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu wiki ya kwanza. Buti gani linafuatwa kila asubuhi na halitoki nje?"

"Mbona hukusema, mama?"

Akakunja kanga yake. "Nilishatoa ushuhuda kanisani. Nikisema unakula dawa ya mnadani, supu yangu imekuwa uongo. Na wewe ulijua si supu iliyokuponya ukanyamaza, nami nikanyamaza. Tulikuwa tumelipana, mwanangu. Tungelipana hadi kaburini."

Tulilia wote wawili, na bado alikuwa ananuka mafuta yale, nami pia.

Elia ilimchukua muda mrefu zaidi. Alinipeleka kliniki, akanisubiri, akanirudisha, na hakuzungumza nami ila kwa habari za vidonge na maji. Kliniki ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Njiani kurudi kutoka ya tatu akasema, "Mimi niliapa mbele ya daktari kuwa hakuna kitu. Ungekufa, ningekuwa nimekuzika kwa mdomo wangu." Jioni hiyo alihama kochi akarudi kitandani.

Kopo la mafuta mama alilimwaga chooni mwenyewe. Choo kilinuka wiki nzima. Bi Somoe alipokuja kunijulia hali akasema sasa hata funza wamehama.

Msimu huu wa maua ni wa pili tangu hapo. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimepinda na havitanyooka. Nikipanda kile kilima chetu nakwenda polepole, na nikisimama sitafuti tena simu. Vidonge vya kila wiki nilivirudia, na nilipoeleza habari ya beseni na vidonda, daktari aliniongezea kidonge kingine kidogo cha kutuliza hayo. Kumbe dawa ya tatizo langu ilikuwa sentensi moja ya kusema. Nina kliniki mbili, ya viungo na ya moyo, siku tofauti, milango tofauti. Ya viungo haioni ninachopewa ya moyo mpaka niwaonyeshe, na ya moyo haijui vidole vyangu mpaka niviweke mezani. Kwa hiyo mimi ndiye ninayeziunganisha. Wewe nawe utakuwa hivyo, na usiogope, si kazi ngumu.

Nilirudi kazini. Siku ya kwanza nilikwenda kijiji kilekile, chini ya mikorosho ileile. Nilikuwa na chupa ya kijani, yenyewe. Daktari alinirudishia nilipoomba. Nikaiinua.

"Kisicho na lebo," nikasema, "mimi nilikila. Miezi minane. Kutoka kwenye chupa hii."

Nilihisi kile kinyaa changu chote kimesimama nje yangu, wote wanakiona.

"Ndiyo maana," Bi Somoe akasema toka nyuma, "msimu ule wadudu walikuwa wanakuogopa, mtani."

Wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Nami nikacheka, nimeshika kifua, na hakikuuma. Mkutano ulipokwisha walinijia wanawake watatu na mzee mmoja, mmojammoja, wakiangalia pembeni. Vidole vyao nilivijua kabla hawajavifunua. Mmoja alikuwa na unga kwenye kichupa cha marashi. Mwingine alisema pumzi inamkatika akitwanga, lakini ni baridi tu.

Niliwaambia ninachokuambia wewe. Kesho asubuhi chukua mfuko mmoja. Tia humo kila unachomeza na kila unachojipaka, cha hospitali na cha mnadani, chenye lebo na kisicho na lebo, hata kile kilichomo ndani ya buti. Usikiache chochote ghafla kwa hofu niliyokutia, na usifiche kimoja kwa aibu. Nenda hospitali, mwage mfuko wote mezani mbele ya daktari, na useme maneno haya: "Nina baridi yabisi. Naomba unipime na moyo."